Kuta za Milano, masista wa Chipole

Ndugu au rafiki akija Milano kutoka nyumbani, nampeleka kanisa la San Maurizio, barabara ya Corso Magenta. Kwanza pazuri mno, pili kuingia ni bure. Kwa nje utapita bila kugeuza shingo. Ndani huoni pa kuweka kidole pasipochorwa. Michoro maarufu zaidi ni kazi ya Bernardino Luini, ya miaka ya 1520, rangi ikipakwa juu ya lipu mbichi ya chokaa ili vikauke pamoja. Ndiyo maana baada ya miaka kama 500 bado inang'aa.

Kanisa limekatwa katikati kwa ukuta. Mbele walisali watu wa mjini. Nyuma masista Wabenedikto, ambao hawakutakiwa kuonekana, hata komunyo wakiipokea kupitia kitundu ukutani. Wengi walikuwa mabinti wa wakubwa. Alessandro Bentivoglio na mkewe Ippolita Sforza, wafadhili wa michoro, wamechorwa wamepiga magoti upande wa watu, huku binti yao akiwa mtawa upande wa pili. Kwa masista ndiko iliko safina ya Nuhu, wanyama wawili wawili, hata farasi wa pembe moja wamo. (Nadhani hao walikosa ngazi ya kushukia.)

Wageni wangu wakimaliza kupiga picha huanza wimbo ule ule: wenzetu wanajua kutunza vyao. Hapo nabisha. Mwishoni mwa karne ya 18, enzi za Napoleon, monasteri ilifungwa, masista wakaondolewa, na baadaye majengo mengi yakabomolewa, barabara zikapitishwa. Kwetu Ruvuma, masista wa Chipole wanafuata Kanuni hiyo hiyo ya Mtakatifu Benedikto, na wapo. Wana mtambo wao wa umeme wa maji Tulila, megawati 5, wanaiuzia TANESCO. Kati ya nyumba yenye michoro na nyumba yenye masista, mimi siumizi kichwa kuchagua.

Ninachowaonea wivu Wamilano ni wazee wao. Kanisa lile hufunguliwa na watu wanaojitolea wa Touring Club Italiano, chama cha utalii cha Italia, wengi wastaafu, na wanakujibu hata ukiuliza la kijinga. Songea tunao walimu wastaafu wanaoijua Vita ya Majimaji kwa simulizi za nyumbani kwao, na mchana kutwa wako barazani. Waombwe wakae na wageni pale Makumbusho ya Majimaji, hata Jumamosi tu. Hela ya chai tutatuma sisi tulio huku.