Gololi za Oppenheimer na mawe ya Shinkolobwe

Tangu filamu ya Oppenheimer ya Christopher Nolan ianze kuonyeshwa Julai 2023, lawama inayorudiwa zaidi ni hii: saa tatu nzima kuhusu bomu la atomiki, na haonekani hata mkazi mmoja wa Hiroshima. Watetezi wake wana jibu, tena si la kubabaisha. Sehemu za rangi Nolan aliziandika kwa nafsi ya kwanza, ili kamera isijue jambo ambalo J. Robert Oppenheimer mwenyewe halijui. Tarehe 6 Agosti 1945 mwanasayansi huyo alikuwa Los Alamos, New Mexico, kwenye maabara ya bomu aliyoiongoza, na habari za Hiroshima alizisikia kwa mbali kama Wamarekani wengine.

Kwa Hiroshima, naikubali hoja hiyo. Tazama anapohutubia wenzake ukumbini: vigelegele vinakatika, ngozi ya uso wa msichana inabanduka, mguu wa Oppenheimer unazama kwenye maiti iliyogeuka mkaa. Baadaye zikionyeshwa picha za majeruhi, kamera inabaki usoni kwake, naye anakwepesha macho. Anayesema filamu inamsafisha hajaitazama vizuri. Hata hivyo, Hiroshima peke yake inakadiriwa kupoteza watu 140,000 hadi mwisho wa 1945, na Mjapani aliyesubiri hadi 29 Machi 2024 ndipo filamu ifike kwao ana haki ya kutotosheka na uso wa Cillian Murphy, aliyemwigiza Oppenheimer.

Shida ni kwamba kanuni hiyo filamu yenyewe inaivunja. Sehemu za nyeusi na nyeupe zinamfuata Lewis Strauss, mkuu wa tume ya nishati ya atomiki ya Marekani aliyemwandama Oppenheimer hadi akanyang'anywa kibali cha kuona siri za serikali mwaka 1954, kisha naye akakataliwa uwaziri na Seneti mwaka 1959 kwa kura 49 dhidi ya 46. Vyumba hivyo Oppenheimer hakuwamo. Kumbe kamera inaweza kutoka kichwani mwake ikitaka. Imetoka kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa wa Washington, na kwa wengine ikagoma.

Wengine hao wamefichwa ndani ya gololi. Oppenheimer anazidondosha kwenye mabakuli ya kioo: hizi ni urani ya kiwanda cha Oak Ridge, zile plutoni ya kiwanda cha Hanford, ambazo ndizo baruti za bomu la atomiki, na bakuli likijaa bomu linawezekana. Ni ufundi wa kupendeza, na unasema kweli kuhusu kizuizi kikubwa cha kazi ile. Milinganyo haikuwa kikwazo kama ilivyokuwa kupata kilo za kutosha. Katika urani ya kawaida, aina ya 235 inayofaa kwa bomu ni asilimia 0.7 tu, na bomu la Hiroshima lilibeba takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya aina hiyo ya 235. Ndiyo sababu kati ya dola karibu bilioni 2 zilizotumika katika Mradi wa Manhattan, mpango wa Marekani wa kuunda bomu, zaidi ya nusu ziliishia Oak Ridge, wakati Los Alamos ilichukua kama asilimia 4. Filamu imepiga kambi ndani ya asilimia hiyo 4.

Hata hapo Los Alamos, msukosuko mkubwa wa kisayansi unapitwa harakaharaka. Plutoni ya kwenye tanuri za nyuklia ilikuja na aina ya 240, inayopasuka yenyewe bila kuchokozwa, kiasi kwamba bomu la mtindo wa mzinga, ambalo hufyatua kipande kimoja kikigonge kingine, lingeharibika kabla ya kulipuka sawasawa. Julai 1944 mpango huo ukatupwa na maabara ikapangwa upya kwa ajili ya mtindo wa kuminya plutoni kutoka pande zote. Mtindo huo mpya ndio uliojaribiwa katika Trinity, jaribio la kwanza la bomu la atomiki, tarehe 16 Julai 1945. Lile la urani halikujaribiwa, lilikwenda moja kwa moja Hiroshima. Pacha wa bomu la Trinity liliangukia Nagasaki, jambo ambalo watazamaji wengi wanatoka sinemani bila kulijua.

Na gololi za urani zilitoka wapi? Kama theluthi mbili ya urani ya mradi ilitoka Kongo ya Kibelgiji, sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mawe yake yalifika hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingine hata asilimia 1 ilikuwa neema. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha takriban tani 1,200 hadi New York mwaka 1940. Zililala ghalani Staten Island hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipozinunua. Waliochimba walikuwa Wakongo, katika makambi ambako lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili cha Katanga, tena bila kinga dhidi ya mionzi. Hapa filamu imefunika kombe.

Mtetezi atasema wasifu wa mtu mmoja hauwezi kubeba kila mgodi na kila kibarua. Sawa, na mimi nisingetaka nusu saa ya Katanga iliyobandikwa kwa nguvu. Lakini mzozo wa Strauss kuhusu kupeleka isotopu (atomu zenye mionzi) Norway umepewa nafasi ya kutosha, na kwenye mabakuli yale sentensi moja ingetosha.

Nafasi ya sentensi hiyo ilikuwapo, kwa sababu Einstein yumo ndani ya filamu. Oppenheimer anamwendea na hofu kwamba mlipuko ungewasha hewa ya dunia nzima. Ukweli ni kwamba wasiwasi huo aliupeleka kwa mwanafizikia Arthur Compton mwaka 1942. Mwongozaji ana uhuru wa kubadilisha, simlaumu. Ila barua ambayo Einstein aliisaini kweli kwa Rais Roosevelt, ya tarehe 2 Agosti 1939, inasema waziwazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Kibelgiji. Mazungumzo ya kubuni yamepata nafasi mbele ya kamera, na mstari huo haukupata.