Fundi vigae na bafu la bwawa

Eti ukarabati umeisha. Jipsamu iko juu, rangi imekauka, wageni wanaisifia sebule. Ila bafuni maji hayaendi kwenye shimo, yanatuama mlangoni, kwa sababu fundi vigae hakuweka mteremko. Sentimita moja au mbili kila mita, basi! Sasa mama mkwe akioga, mkono mmoja sabuni, mwingine ufagio wa kusukuma maji.

Mwanzoni ukimpigia fundi, alijibu: "Kesho asubuhi nipo hapo, bosi." Kesho ipi? Tangu tummalizie hela yake, simu inaita tu. Na alivyokuwa hodari wa kudai! "Bosi, saruji imepungua, ongeza mfuko." Kila siku mfuko. Sijui ilijenga wapi, maana kwetu hata ngazi ya barazani ina ufa.