Jina la Mtumwa: aibu ni ya nani?

Akizaliwa mtoto wa kike katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mama akishakuwa salama, watu huanza kuulizana mtoto atarithi jina la nani. Bibi mzaa baba akiwa Fatma au Zuwena, mazungumzo huisha hapohapo. Akiwa Mtumwa, yanaanza. Wazee hawataki jina la marehemu lipotee, na vijana wanauliza ni mzazi gani atakayemwandikia binti yake jina hilo kwenye cheti cha kuzaliwa, ampeleke nalo skuli, kisha ategemee mtoto asilie. Siku hizi vijana ndio wanaoshinda. Mtumwa limebaki zaidi kwa kina bibi wa mashamba na kwa wanawake wachache wa makamo. Limesikika hata ndani ya Baraza la Wawakilishi, lakini katika orodha ya darasa la kwanza ni nadra kulikuta.

Wanaolikataa wana hoja nzito. Kwa Mzanzibari neno hili halikutoka vitabuni. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa palepale. Amri ya 1897 iliondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria, lakini aliyetaka kuwa huru alilazimika kwenda mwenyewe kuomba, na aliyelipwa fidia alikuwa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Hiyo ni juzi tu. Wapo wazee waliolelewa na watu walioyaona hayo kwa macho yao, na familia zinazojua kwamba bibi wa bibi yao alivuka bahari kwa nguvu. Kumwambia kijana wa familia kama hiyo kwamba jina ni jina tu ni kumkosea heshima.

Dini nayo inasimama upande wao. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akibadilisha majina yenye maana mbaya. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, binti wa Umar aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Alikataza pia mtu kumwita aliye chini yake "mtumwa wangu", kwa kuwa waja wote ni wa Mwenyezi Mungu. Mzazi anayesema kwamba haki ya kwanza ya mtoto kwake ni jina zuri hakulibuni jambo hilo.

Tatizo langu linaanza pale hoja hizi zinapovuka mpaka na kuwa madai ya historia, kwamba kila aliyeitwa Mtumwa alikuwa mtumwa au mjukuu wa mtumwa, na kwa hiyo jina lake ni chapa aliyopigwa na bwana. Dai hilo linasemwa kwa yakini kubwa na watu wasiowahi kuwauliza bibi zao. Na bibi zetu, wakiulizwa, husimulia habari nyingine kabisa.

Husimulia habari za vifo vya watoto. Mama amezaa, mtoto amekufa kabla ya arubaini. Amezaa tena, wa pili hakufika mwaka. Anapokuja wa tatu hakuna anayethubutu kumfurahia kwa sauti, wala kumwita Johari au Malkia, maana kumpamba ni kumwonyesha kijicho na mauti mahali alipo. Basi huitwa Mtumwa. Au huitwa Kijakazi, jina jingine la wanawake wa visiwani lililotokana na hofu hiyohiyo. Anashushwa hadhi ili asitamaniwe. Wengine hulieleza kama nadhiri, kwamba mtoto huyu amewekwa rehani kwa Mola, si wetu, tumepewa tumlee tu, na akiachiwa aishi atabaki kuwa mja wa aliyemwachia. Katika maelezo hayo mawili bwana mwenye shamba la karafuu hayumo. Waliomo ni mama, mtoto, na makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba.

Desturi hii si ya visiwani peke yake. Wajaluo wana jina la Awiti kwa msichana na Owiti kwa mvulana, yaani aliyetupwa, kwa mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa. Hakuna anayemdhania Awiti kuwa aliokotwa jalalani. Kila anayeijua desturi hiyo, akisikia jina, anajua kwamba mama yake alishafiwa, na anaijua thamani ya huyo aliyebaki. Na kama linalokera ni neno lenyewe, tutazame majina tunayoyapenda. Abdallah ni mtumwa wa Mungu. Abdulrahman ni mtumwa wa Mwingi wa Rehema. Amatullah ni jina la kike lenye heshima kubwa, na maana yake ni mjakazi wa Mungu. Kwa Kiarabu tunalisikia kama ibada. Kwa Kiswahili, lugha tuliyonyonya nayo, tunalisikia kama pingu.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu hulipita mbio, nami nadhani lina uzito kuliko yote. Watumwa wenyewe waliitwaje? Majina yaliyozoeleka kwao yalikuwa Mabruki, Feruzi, Almasi, Marjani, Zafarani, Faida, Bahati. Ni majina ya baraka, vito, manukato na faida. Bwana alimpa mtu aliyemnunua jina la kitu cha thamani kwa sababu kwake alikuwa kitu cha thamani, mali iliyohesabiwa pamoja na mali nyingine. Leo Feruzi na Mabruki ni majina yasiyomshtua mtu. Yameandikwa katika vyeti na pasipoti, na wenyewe wanatembea nayo kifua mbele, kama wanavyostahili. Tumelisamehe jina lililotoka mkononi mwa bwana kwa kuwa linang'aa, tukalihukumu jina lililotoka mdomoni mwa mama kwa kuwa linauma.

Upande wa pili humtaja Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, na wana haki, kwa kuwa ndiye mfano wao wenye nguvu kuliko wote. Alizaliwa Fumba takriban mwaka 1880, utumwa ukiwa bado halali, akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake ya Uzigua. Alikuwa akitembeza vyungu kijiji hadi kijiji, akahamia mjini 1911, akafunzwa taarab, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizolifikisha jina lake pwani nzima. Jina hilo lilikuwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kwa hiyo, wanasema, hata yeye alilivua la Mtumwa mara alipopata nafasi.

Ni kweli alilivua. Lakini tuangalie mji alioingia ulikuwa mji gani. Baada ya 1897 wanawake wa Unguja waliokuwa wakivaa kaniki, nguo ya kazi na ya unyonge, walikuwa wakizitupa na kuvaa kanga, kisha buibui. Kila kilichomkumbusha mtu utumwa kilikuwa kinaondolewa mwilini na mdomoni. Mahasidi wa Siti walimwimba kwamba alitoka shamba na kaniki, kwa kuwa walijua pa kumchoma. Katika mji ule hata Mtumwa aliyepewa jina hilo kwa ajili ya vifo vya nduguze asingepata nafasi ya kujieleza. Siti alichagua kilichomfaa, na nani atamlaumu? Ila uamuzi wake unatueleza jinsi wasikilizaji walivyolisikia jina hilo. Hautuelezi kwa nini alipewa. Akabaki vilevile binti Saad, kwa jina la baba yake wa Fumba, mpaka alipofariki mwaka 1950.

Ukubwa wa fadhaa ile unaonekana katika tarakimu moja ambayo kila nikiirudia hunisimamisha. Katika sensa ya Zanzibar ya 1924, waliojitaja kuwa Waswahili walikuwa karibu 34,000. Katika sensa ya 1931 walikuwa 2,000 na kidogo. Ni miaka saba. Hakukuwa na tauni iliyowaua watu 32,000, wala hawakupanda majahazi wakahama. Walikuwepo, katika nyumba zilezile, wakilima na kuvua kama jana. Kilichobadilika ni jibu. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kusikika kama jina la kuwafunikia waliotokana na watumwa, na alipokuja karani na daftari, watu walijitaja kuwa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, au kabila lolote lililowapa mizizi. Siwalaumu hata kidogo. Karani yule alikuwa wa serikali ya kikoloni iliyogawa heshima na haki kwa kuangalia asili ya mtu. Lakini kama hofu ya kuhesabiwa mtumwa iliweza kufuta watu 32,000 katika karatasi, jina moja la msichana lingeponaje? Haliwezi kuwa liliachwa kwa sababu watu walilipima maana yake. Liliachwa katika mbio hizo, pamoja na kaniki.

Haki inanitaka niseme kwamba aibu haikulipunguza jina hili peke yake. Ipo sababu nyingine, na hiyo ni ya kushukuru. Katika utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa 2004–05, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2015–16 ulikuta 67, na wa 2022 ulikuta 43. Chanjo, chandarua, kliniki ya wajawazito na maji safi vimewaondolea mama wengi sababu ya kuogopa kumwita mtoto kwa jina la kumsifu. Kizazi ambacho mama anajifungua akitarajia, na kwa haki, kwamba mtoto ataishi, hakihitaji jina la kujikinga. Hapo nakubaliana na vijana moja kwa moja. Jina likipungua kwa kuwa misiba imepungua, sioni cha kulilia.

Kwa hiyo sisemi tuwaite watoto wetu Mtumwa kwa wingi, na mzazi asiyelitaka asilazimishwe na mkwe wala shangazi. Mtoto ndiye atakayekaa nalo darasani, na watoto wenzake hawatasubiri maelezo. Familia nyingi za pwani zina njia ya zamani ya kulimaliza hili. Mtoto huwa na jina la cheti na jina la nyumbani. Salma wa skuli anaweza kuwa Mtumwa kwa bibi yake, akajua amelirithi kwa nani, na somo yake alikuwa mtu wa namna gani. Njia hiyo haimvunji mtu, na ningeipendelea kuliko ugomvi wa siku saba mbele ya mzazi aliyechoka.

Ninachokipinga ni kitu kingine, nacho kinaendelea sasa hivi. Wapo wajukuu wanaomwomba bibi abadilishe jina kwa kiapo akiwa na miaka 70, ili lisiwaaibishe kwenye kadi za harusi. Wapo makarani wanaomtazama mwanamke mara mbili wakamuuliza kama hana jina jingine. Wapo wanaoandika tanzia ya mama yao wakamwita Bi. Mtu, au wakaweka jina la baba tu. Mwanamke huyo aliishi. Huenda nduguze wawili au watatu hawakuishi, na jina analoonewa haya ndilo pekee linalobeba habari kwamba walizaliwa. Akiondolewa hilo, nao wanaondoka kwa mara ya pili.

Na ikiwa katika familia fulani habari ni ile nyingine, kwamba kweli bibi alizaliwa katika mikono ya bwana na jina likatokana na hapo, bado sioni kwa nini aibu iwe yake. Aliyeuza alikuwa na jina, na halikubadilishwa. Aliyenunua alikuwa nalo pia, na wajukuu zake wanaitwa kwalo mpaka leo bila kuulizwa kitu na karani yeyote. Mwenye bibi aitwaye Mtumwa akamkalishe kitako amuulize alipewaje jina hilo, nani alizaliwa kabla yake, na wamezikwa wapi, kisha ayaandike majibu kwa majina yote kama yalivyo.