Swali la "Nani Aliharibu" Litolewe Kwenye Fomu

Kishikwambi kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, chini kabisa ya kabati, kimefunikwa na maandalio ya masomo ya mwaka juzi. Mwalimu aliyenionyesha amefundisha miaka mingi kuliko mimi, na alifunga kwanza mlango wa ofisi ndipo akakitoa. Chaji haiingii. "Tangu lini, Madam?" nikamuuliza. "Tangu muhula wa kwanza." Tulikuwa mwezi wa tisa. Akanisogezea fomu ya kuripoti hitilafu, safu ya tatu: jina la aliyesababisha uharibifu. "Sasa hapo ningeandika nini, mwanangu? Jina langu?"

Nilikileta Mwanza mjini kwa fundi. Akakifungua, akabadilisha sistimu chaji, kama mafundi wanavyoliita tundu la kuchajia, na kabla sijamaliza chai yangu kikawaka. Ugonjwa wa nusu saa ulilala kabatini miezi kadhaa kwa sababu ya safu moja ya fomu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sasa niko kwenye kikundi kidogo cha walimu tunaomsaidia afisa TEHAMA wa mkoa huu wa Mwanza kupanga mfumo wa kufuatilia vifaa vinavyoharibika mashuleni. Kazi hii imekuja wakati wake. Vishikwambi vingi vya walimu wa shule za umma ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Vilikwishatembea nyumba kwa nyumba, vikala vumbi na jua, ndipo vikafika mezani kwa mwalimu. Betri ya lithiamu huchoka kwa umri hata ukiitunza vipi. Kwa hiyo hitilafu zitakuja kwa wingi, na nyingi hazina mkosaji.

Wanaotetea ile safu wana hoja, na nimeisikiliza. Hii ni mali ya umma, mtumishi lazima aiwajibikie. Sawa. Lakini kifaa kikiibwa au kupotea, njia yake ipo: polisi, na taarifa ya upotevu kwa mwajiri. Fomu ya matengenezo ina kazi nyingine, kumwambia fundi kifaa kinaumwa nini na kumwambia halmashauri kiko mikononi mwa nani leo. Ukichanganya kutafuta mkosaji na matengenezo, mwalimu atanyamaza, na mfumo utaonyesha wilaya nzima haina kifaa kibovu.

Tumechagua GLPI, programu huria iliyoanzia Ufaransa. Haina ada ya leseni, na inafunga taarifa ya hitilafu moja kwa moja kwenye kifaa chenyewe ndani ya orodha ya mali. Tumeanza na hiyo orodha, kifaa kwa kifaa, kwa namba ya usajili iliyoandikwa mgongoni. Kwa vile vyenye laini tunaongeza IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, zile tarakimu 15 unazozipata ukibonyeza *#06#. Ni kazi ya kuchosha na haina mkato. Bila hiyo, "kishikwambi cha Darasa la Tano" kitaripotiwa mara tatu na hutajua kama ni kimoja au ni vitatu.

Tatizo lililotukalisha muda mrefu ni maji ya ziwa yaliyo kati ya shule na fundi. Mifumo ya namna hii inakutaka uweke ahadi ya muda: hitilafu itatuliwe ndani ya siku kadhaa. Afisa alitaka muda mmoja kwa shule zote. Mimi nilipinga na bado napinga. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mwalimu wa Sengerema anavuka bila kupanga foleni ya kivuko, anakuja mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Mwenzake wa Ukerewe anapanda meli kutoka Nansio, au anazunguka kwa kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, na ziwa likichafuka anasubiri. Aliye Ukara ana maji mawili ya kuvuka. Ukiwapa wote siku tano, wa kisiwani ataonekana mzembe kila mwezi kwenye ripoti, na ripoti hiyo itasomwa na mtu ambaye hajawahi kungoja meli.

Kwa hiyo safari inahesabiwa peke yake. GLPI ina hali ya "inasubiri", na kifaa kikiwekwa humo saa ya ahadi inasimama. Hapo ndipo penye hatari, maana ni pazuri kwa kuficha uvivu. Dawa yake imo humo humo: kila kusubiri kunaweza kuandikiwa sababu. Tumeweka nne: spea, idhini ya malipo, fundi, usafiri wa majini. Sababu hizo zinaweza pia kutuma ukumbusho zenyewe kila baada ya siku kadhaa, na baada ya kumbusho kadhaa mfumo unaweza kuitangaza hitilafu imetatuliwa. Hilo la mwisho tumelizima kabisa. Hitilafu haitatuliki kwa kukumbushwa.

Tumezima pia kufunga kwa siku. Katika mfumo huu "imetatuliwa" na "imefungwa" ni vitu viwili, na unaweza kuamuru kila iliyotatuliwa ijifunge baada ya siku fulani. Ofisini inafaa. Kwetu, fundi anaweza kuandika amemaliza huku kifaa kiko ndani ya mfuko pale bandarini. Afunge mwalimu, akishakiwasha kwa mkono wake. Asipokuwa na mtandao, mwalimu mkuu atume ujumbe mfupi kwa afisa elimu kata, naye aingize. Daftari la karatasi tumeliacha shuleni, lenye safu zile zile, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Betri iliyovimba ina kundi lake, na ndiyo pekee yenye alama ya haraka. Isichajiwe, isitobolewe, isikae kabati moja na karatasi za mitihani.

Jambo jingine linapitwa haraka mno. Kishikwambi kinapokwenda kwa fundi kinakwenda na alama za wanafunzi na picha za mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, nasi tumeweka kisanduku cha lazima: taarifa zimehamishwa na kufutwa? Kama hakiwaki, aandikwe fundi aliyekipokea.

Baada ya yote hayo, rasimu iliyoko mezani bado ina ile safu ya tatu. Imepunguzwa makali, sasa inaitwa "mhusika wa tukio", lakini yule mwalimu wa bahasha ya kaki akiiona atafunga mlango vilevile. Mahali pake nimependekeza maswali mawili: kifaa kilikuwa kinafanya nini kilipoanza kusumbua, na kilichajiwa kwa chaja gani. La pili limetokana na fundi wangu, aliyeniambia kuwa sistimu chaji nyingi anazobadilisha zimeuliwa na chaja za kuazima.

Kikao ni Jumatatu. Nimemwomba mwalimu yule aje, na akubali tu kukiweka kishikwambi chake mezani kikiwa kinawaka.