Walawi 14 na Kodi ya Februari

Biblia ina sura 1,189. Ukisoma sura 3 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na 5 Jumapili, unapata 23 kwa wiki, na kwa wiki 52 zinafika 1,196. Yaani unafunga mwaka na sura saba za akiba, za kufidia siku ya homa au usiku stima zimepotea. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe na hadi leo hakuna aliyeikosoa: si mke wangu, si pasta, wala mwenye nyumba, ambaye siku hiyo alikuwa na sababu ya kukosoa kila kitu.

Nayasema haya mapema kwa sababu hapa Umoja kuna watu wanaosimulia kwamba mpango wangu wa ibada ya nyumbani ndio ulioleta matanga yasiyo na maiti. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro, kama ipo, ni ya kalenda. Ukianza Mwanzo 1 tarehe 1 Januari 2025, ambayo ilikuwa Jumatano, na usiruke siku, basi Jumamosi tarehe 1 Februari unaangukia Walawi 12, 13 na 14. Na tarehe hiyo, kama ajuavyo kila mpangaji wa Nairobi, Njaanuari imeisha kwa jina tu, karo imekula kila kitu, na kodi inaanza kuulizwa.

Malengo ya familia tuliyaandika usiku wa kuamkia mwaka mpya. Habakuki 2:2 inaagiza njozi iwe wazi vibaoni, “ili aisomaye apate kuisoma kama maji.” Sisi tulitumia karatasi ya manila na kalamu nene, tukaibandika kwenye mlango wa friji. Nguzo tulizitoa Luka 2:52, pale Yesu anapozidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Kwa hiyo nne: akili, mwili, Mungu, watu. Kila mtu lengo moja kwa kila nguzo, basi. Anayeandika malengo ishirini hufika Pasaka akikumbuka mawili, na mojawapo ni kupunguza tumbo.

Sharti la pili lilikuwa lengo lipimike. “Kuomba zaidi” tulilikataa, maana hujui ni zaidi ya nini. “Kuomba dakika 10 kabla ya kugusa simu” likapita. Mke wangu aliandika “kutopaza sauti kabla ya saa mbili asubuhi”. Niliona amejiachia mwanya mpana, lakini lengo la mtu ni lake. Kitinda mimba aliandika “kumpenda Yesu na chipsi.” Tuliliacha hivyo hivyo.

Kifungua mimba, aliye gredi ya sita na anayesoma kila kitu hadi maandishi ya pakiti ya unga, alichagua Yakobo 1:22: “Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu.” Lengo lake likawa kutenda, kila wiki, jambo moja lililomo katika sura tulizosoma. Kila tendo tiki moja, na tiki tano zikitimia, kuku nusu na chipsi. Ukitaka mtoto adumu katika lengo, zawadi iwe karibu. Ukimwahidi baiskeli ya Desemba, Machi ameshasahau. Hilo ni jambo la kweli, ila lina upande wake wa pili, kwamba mtoto mwenye tiki nne huwa hana subira na ya tano.

Tiki ya kwanza ilitoka Mwanzo 18. Keateka, msimamizi wa ploti yetu, alipopanda kuulizia pesa za takataka, alikuta beseni la maji ya uvuguvugu mlangoni na mtoto akimsihi avue viatu aoshwe miguu kama wageni wa Abrahamu. Mwanzo 41 ikafanya sehemu ya tano ya unga wetu ihamie chini ya kitanda, kungoja njaa ya miaka saba; panya waliuona kabla ya Farao. Kutoka 16, isemayo mana isibakizwe hadi asubuhi, ilinipotezea githeri niliyokuwa nimeitengea mkebe wa kwenda nao kazini. Na Jumapili ya tarehe 26, tuliposoma Kutoka 35 kwamba moto usiwashwe siku ya sabato, mama yake aliingia jikoni akakuta gesi imezimwa na maharagwe yanamtazama. Ilikuwa imeshapita saa mbili asubuhi, kwa hiyo lengo lake mama halikuvunjika.

Wasomaji wengi wa mwaka mzima hukatia tamaa hapo Walawi. Mwanzo ina ndoto na ndugu wanaouzana, Kutoka ina bahari. Walawi ina figo, mafuta na vipele. Dawa yake ni kutokwenda kavu: weka Zaburi moja kando, au badili kabisa na usome Agano Jipya, ambalo sura zake 260 zinatosha sura 5 kwa wiki, mwaka mzima, bila kukimbizana. Kwetu hakuna aliyetaka kubadili. Mwenye tiki nne ndiye aliyepinga kwa sauti kubwa zaidi.

Jumamosi ibada yetu huwa asubuhi, baada ya chai. Mke wangu alisoma sura ya 12, aya 8. Mimi nikachukua ya 13, aya 59 za ukoma, upaa na nguo zilizoliwa, nikaenda nayo kasi ya matatu iliyoona polisi. Ya 14, aya 57, ikamwangukia kifungua mimba. Alisoma polepole. Alipofika aya ya 34 akapunguza mwendo zaidi. Tukafunga kwa maombi, mimi na mama watoto tukashika gunia tupu na kuelekea Marikiti kununua viazi.

Aya ya 34 ndipo inapoanza habari ya ukoma wa nyumba. Ukutani yakionekana mabaka ya kijani au mekundu yaliyozama ndani kuliko uso wa ukuta, mwenye nyumba ampelekee kuhani habari. Kuhani aamuru vitu vyote vitolewe kabla hajaingia, visije vikawa najisi. Kisha aangalie, nyumba ifungwe siku saba. Nasi chumbani mwetu, nyuma ya kabati, tulikuwa na baka. Lilianza ukubwa wa sahani, chini ya bafu la jirani wa juu, jeusi katikati na kijani pembeni. Nilikuwa nimelipeleka kwa keateka kwa mdomo, kwa ujumbe na kwa picha. Keateka alisema mwenye nyumba ameambiwa.

Simu ya mama ilikuwa imebaki kwenye chaji. Kifungua mimba akampigia pasta, na maneno yake nayajua kwa sababu pasta ameyarudia mbele ya watu wengi: “Shikamoo Pasta. Nyumba yetu imepata pigo. Baba na Mama hawapo. Tunatoa viti nje, tunakungoja wewe.”

Sasa, pasta ni binadamu. Ukimwambia hayo, anafanya anachofanya pasta yeyote: anampigia mzee wa kanisa wa mtaa, ambaye anampigia mwenyekiti wa akina mama, ambaye anaandika kwenye kundi la WhatsApp. Kufikia saa tano mweka hazina alikuwa amekwisha kupokea shilingi 8,400, na akina mama walikuwa njiani na sufuria mbili za chai, wakiimba.

Huku nyumbani vijana wa gorofa ya chini walikuwa wameahidiwa soda. Kwa soda ya ahadi, vijana wa Umoja wanaweza kuhamisha kanisa. Sofa ilishuka, friji ikashuka na manila yake mlangoni, mtungi wa gesi, magodoro, kabati. Kitinda mimba alitumwa kutafuta ndege wawili, kwa kuwa mwishoni mwa sura nyumba hutakaswa kwa ndege wawili, mmoja akiachiwa huru. Alirudi na kuku mmoja wa jirani, kwa mkopo.

Keateka alipoona friji ikipita tarehe 1, kodi haijaingia, hakuuliza swali. Ploti yetu ina sheria kwamba kitu kikubwa kuliko runinga hakipiti getini bila barua ya mwenye nyumba kuonyesha huna deni. Akafunga geti kwa kufuli na kumpigia mwenye nyumba kwamba mpangaji wa nambari 12 anatoroka mchana kweupe. Mwenye nyumba yule, ambaye kwa habari ya ukuta hakuwahi kupatikana, alisema yuko njiani.

Tulipofika na viazi, nje ya geti kulikuwa na pikapu ambayo dereva wake alikuwa ameuona mzigo akaja mwenyewe, mtu wa mkokoteni aliyekuja kwa sababu hiyo hiyo, na broka wa mitumba aliyeninong’oneza kwamba sofa anaichukua kwa elfu tatu, pesa mkononi, maana anajua niko kwenye shida. Shemasi mmoja akanikumbatia. Akaniachia, akanitazama usoni, akanikumbatia tena kwa nguvu zaidi.

“Ndugu,” akasema, “kumbe si wewe.”

Mke wangu alipowaona akina mama wa kanisa na leso zao, na sofa yake uani ikiwa na watu wenye nyuso za msiba, alitupa viazi na kuanza kulia. Akina mama wakalia naye. Ilichukua muda kuhesabu watoto na kuwakuta wote watatu, mmoja akiwa ameshika kuku.

Pasta alipofika, kifungua mimba alimpokea na Biblia iliyofunguliwa. “Kuhani aingie aangalie,” akasema. Nilijaribu kueleza, lakini pasta alikuwa ameshaanza kusoma, na alipomaliza alitazama dari kwa kitambo, mabega yakimtikisika. Akapanda. Tukapanda sote.

Bahati njema, mzee wa kanisa wa mtaa ni fundi mwashi. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka pembeni kuja katikati: ko, ko, ko, halafu pu. “Hapo plasta imeachana na jiwe,” akasema. Akalikwaruza baka kwa ukucha. Rangi ikaanguka, chini yake mchanga umelowa. Kwa hiyo lilikuwa limezama ndani kuliko uso wa ukuta, kama aya ya 37 inavyotaka, na kifungua mimba akaangalia watu wote mmoja mmoja ahakikishe wamesikia. Mzee akaendelea, kwa watu wazima sasa: kusugua kwa jiki, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, madirisha wazi, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo, hutuliza tu baka la juu juu. Kupaka rangi juu ya unyevu ni kupoteza rangi. Kwanza uzibwe uvujaji wa bafu la juu, kisha plasta ikwanguliwe hadi jiwe, ukuta ukauke, ndipo ipigwe mpya, saruji moja kwa mchanga nne. Na kabati lisirudishwe kubana ukuta; liachiwe nafasi ya kiganja, hewa ipite.

Mwenye nyumba aliingia uani akiwa amejaa maneno. Akaona umati, Biblia, chai, macho mekundu. Akavua kofia. Alisalimia kwa sauti ya chini, akasema “poleni sana,” akatoa noti ya elfu na kuiweka kwenye kikapu. Ni keateka aliyemharibia, alipomnyooshea friji kidole na kutaja kodi.

“Nani amefariki?” akauliza mwenye nyumba.

“Ukuta wako, Mzee,” akajibu fundi.

Pasta hakusema kitu. Alimpa Biblia. Mwenye nyumba alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, kidole kikishuka aya kwa aya: kuhani, siku saba, mawe yaondolewe, plasta ikwanguliwe. Alipofika aya ya 45, ambapo baka likirudi nyumba yote hubomolewa, mawe yake, miti yake na udongo wake, alifunga kitabu taratibu, akamwuliza fundi yuko huru lini. Jumatatu, fundi akasema. Noti yake ya elfu aliikumbuka akiwa getini, akarudi kuichukua.

Zile 8,400 zilileta mjadala mrefu, maana pesa za matanga haziliwi bila matanga, na hakuna aliyekubali kubeba ada ya kuzirudisha. Chai ilinyweka yote. Broka alipandisha hadi elfu tatu na mia tano. Vijana wa soda walidai soda ya kushusha na soda ya kupandisha, na walikuwa na haki.

Usiku, friji ikiwa imerudi, kifungua mimba alisimama mbele ya manila na kalamu. Mama yake alimwambia tiki haipo, na akaongeza kwa mkono wake chini ya lengo lile: “Tendo lolote liulizwe kwanza kwa mzazi.” Mtoto akasoma, akakubali. Kesho yake ilikuwa Jumapili, sura tano, 15 hadi 19, naye alikuwa amekwisha kupitia ya 16 peke yake.

“Basi nauliza mapema, Baba,” akasema. “Mbuzi wawili pale Kiamaiko ni pesa ngapi? Mmoja tutamwachilia.”