Bodaboda wa mkataba ana bosi
Kuna mwandishi aliyeandika kwamba vijana wa bodaboda wamejiajiri, kwa hiyo habari za likizo na fidia haziwahusu. Napinga kabisa. Nimeendesha pikipiki ya mkataba, ile unayolipia kidogo kidogo hadi iwe yako, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam: chombo ni cha tajiri, hesabu, yaani hela ya kumpelekea kila siku, kapanga yeye, mvua inyeshe au uumwe, jioni anaitaka. Ukikwama mara kadhaa anakunyang'anya pikipiki, na yote uliyokwisha kulipa yamekwenda. Hapo kujiajiri kuko wapi? Mwenzetu alivunjika mguu Barabara ya Kilwa, sisi wa kijiweni ndio tuliochangishana hela ya hospitali. Tajiri alichouliza kwanza ni pikipiki imeharibika kiasi gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ipo, lakini tukikubali kila anayetumikishwa aitwe mjasiriamali, haitamgusa mtu. Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2021 kwamba madereva wa Uber, kampuni ya usafiri wa kuita kwa simu, waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo, na hao walikuwa wakiitwa wamejiajiri vilevile. Walishinda kwa kuungana. Madereva wenzangu wa Temeke, Ubungo, Kigamboni, kuna kijiwe kilichowahi kuwakalisha matajiri pamoja hadi hesabu ikashuka?