Kura yangu ilifika, barua ya mama ilisubiri ufunguo

Mara ya kwanza kupiga kura huku Oregon, Marekani, nilimpigia mama simu ya video, yeye yuko Ujiji, Kigoma, nyumbani Tanzania. Nikamwonyesha karatasi ya kura mezani, kando ya sahani ya ugali, kalamu mkononi. Akatazama weee, kisha akauliza: "Na mawakala wa vyama wako wapi, mwanangu?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Kwetu kura ni foleni ya alfajiri, jina kwenye daftari, kidole kwenye wino. Oregon wanachagua rais kwa posta tangu 2000, na wakala ni sahihi yako juu ya bahasha. Maafisa wanailinganisha na ile waliyonayo. Yangu iliwahi kukataliwa kwa kuandika harakaharaka. Ikaja barua, nikaenda kurekebisha. Na ukihama kimyakimya, karatasi ya kura haikufuati, inarudishwa kwao wajue haupo.

Yote hayo yanawezekana kwa sababu mtu wa posta anaujua mlango wako. Kigoma barua haikutafuti, wewe ndiye unaitafuta. Picha za mjukuu nilizomtumia mama zililala miezi kwenye sanduku la posta la shule fulani, ambalo ukoo mzima tunalitumia, kisa mwalimu mwenye ufunguo kahamishiwa Kasulu. Siku hizi mizigo naipitishia kwa ndugu wa Dar, anaipakia kwenye basi, na mama anapigiwa simu: "Mzigo wako umefika."

Sasa wenzangu wa diaspora wanadai wapige kura ya nyumbani kwa posta. Mimi uraia nilishaubadilisha, sina kura huko, ila mdomo ninao: wakati wake bado. Hata Marekani posta imekiri kwamba barua inaweza kugongwa muhuri siku moja au zaidi baada ya kuitumbukiza, na Oregon kura iliyochelewa kufika inaokolewa na tarehe ya muhuri huo. Siku za mwisho mimi huendesha gari hadi kwenye sanduku la kura lenyewe.

Nyumba ya mama ilipewa namba wakati wa kazi ya anwani za makazi, 2022. Namba ipo mlangoni, wajukuu wanajifunzia kuhesabu. Posta waanzie pale: bahasha moja, mkononi mwa mama, bila kumuuliza nani ana ufunguo.